Mkesha wa Mwaka Mpya: Tunamtumaini Kristo au Tunautumaini Mwaka?

Ikifika saa tano na nusu usiku wa Desemba 31, kanisani hapabaki pa kukaa. Waliochelewa wamesimama barazani na nje chini ya turubai. Watoto wamelala kwenye khanga zilizotandikwa kati ya mabenchi, na wanakwaya sauti zimeanza kukauka. Dakika chache kabla ya saa sita kiongozi wa ibada anawaambia watu wapige magoti, kila mmoja aseme na Mungu wake. Hapo kanisa zima linavuma. Huyu anataja ada, yule kesi ya shamba. Kuna anayemwombea binti yake aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani na simu yake haipatikani. Kuna kijana aliyemaliza chuo na bado anakula kwa dada yake. Kisha kengele inalia, vigelegele vinapaa, na watu wanakumbatiana hata na wasiofahamiana: Heri ya mwaka mpya, Bwana ametuvusha.

Naupenda usiku huu tangu utoto. Kwa kuwa naupenda, nataka kuuliza jambo ambalo wengi tunalipita kwa haraka ya kuvuka. Pale tulipopiga magoti, tumaini letu tumeliweka wapi? Tumeliweka kwa Kristo mwenyewe, au tumeliweka kwa mwaka unaokuja, na Kristo tumemwita awe mdhamini wake?

Siulizi bure. Makanisa mengi siku hizi huupa mwaka jina: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa milango kufunguka, mwaka wa kurudishiwa vilivyoibwa. Jina hilo huchapwa kwenye mabango na fulana, hubandikwa kwenye vioo vya magari, na Januari nzima watu hulikiri kwa sauti. Kuchagua neno la kuuongoza mwaka ni desturi njema na ni ya zamani. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walianza kupeana neno la Biblia la kila siku mwaka 1728, na tangu 1731 maneno hayo huchapwa kitabu kila mwaka. Ni kanisa hilohilo lililoleta wamisionari Rungwe mwaka 1891, na waumini wake kusini na magharibi mwa Tanzania ni wengi sana leo. Lakini angalia walivyofanya watu wa Herrnhut: aya ya Agano la Kale ya kila siku hupigiwa kura. Hakuna anayeichagua kwa utamu wake. Siku moja neno linafariji, siku ya pili linakemea, na muumini analipokea lilivyokuja, kwa sababu anamwamini anayesema kabla hajajua atasema nini.

Jina la mwaka tulilojichagulia ni rahisi kugeuka hati ya madai. Tumefunga siku ishirini na moja, tumetoa malimbuko, tumekiri, basi tunamdai Mungu atimize. Na katika kila usharika yupo mama ambaye mwaka wa kuinuliwa ulimzikisha mume mwezi Juni. Hakuna alichopunguza: alikesha na wenzake, akatoa bahasha yake, akavaa fulana. Desemba inaporudi anakaa benchi la nyuma na kujiuliza ni wapi alipokosea, ni dhambi gani iliyomfungia mlango uliofunguka kwa wengine. Hakuna anayemjibu, maana jina la mwaka mwingine limeshaanza kutangazwa. Makala haya nayaandika kwa ajili yake.

Mkesha wenyewe haukuanzia kwenye kutabiri mwaka. Kingswood, nje kidogo ya mji wa Bristol, Uingereza, paliishi wachimbaji wa makaa ya mawe ambao watu wa mjini waliwaogopa kwa ulevi na ugomvi wao. George Whitefield na John Wesley waliwahubiria hadharani kuanzia mwaka 1739, na wengi waliamini. Baadhi ya wachimbaji hao, waliozoea kumalizia usiku wa Jumamosi kwenye vilabu vya pombe, walianza kukutana na kukesha kwa sala na nyimbo. Wapo waliomshauri Wesley apige marufuku jambo hilo. Yeye alilitazama, akaona ni lilelile lililofanywa na Wakristo wa karne za mwanzo, akalipokea na kulipeleka London mwaka 1742. Lilifanyika mara moja kwa mwezi, Ijumaa iliyo karibu na mwezi mpevu, ili watu waione njia wakienda na wakirudi. Hakuna aliyekwenda kuambiwa mwezi ujao utakuwaje. Walikwenda kwa sababu Kristo alikuwa amewatoa mahali fulani, na saa zilezile zilizokuwa za pombe walitaka sasa ziwe zake.

Mwaka 1755 Wesley aliongeza jambo jingine, nalo naliona zito kuliko mkesha. Agosti 11 aliwakusanya watu wapatao 1,800 katika kanisa lililokuwa la Wafaransa, Spitalfields, London, wakafanya upya agano lao na Mungu. Baadaye Wamethodisti, wafuasi wa Wesley, waliihamishia ibada hiyo kwenye mwanzo wa mwaka, na katika makanisa mengi yao hufanyika Jumapili ya kwanza ya Januari. Sala ya agano hilo ni ngumu kuitamka kama unaisikiliza. Muumini anamwambia Mungu kwamba yuko tayari kutumika na yuko tayari kuwekwa kando. Kupewa na kunyimwa. Kuheshimiwa kwa ajili yake na kudharauliwa kwa ajili yake. Anaukabidhi mwaka mzima, pamoja na upande wake usiopendeza. Hiyo nusu ya pili ndiyo tuliyoiacha njiani, na nadhani ndiyo iliyobeba imani. Anayesema niinue tu, hajamkabidhi Kristo chochote; amempa orodha.

Nisieleweke kwamba ni vibaya kuomba jambo la dunia hii kwa jina lake. Usiku wa Desemba 31, 1862, Wamarekani weusi, watumwa na walio huru, walikesha makanisani wakisubiri tangazo la Rais Abraham Lincoln la kuwaweka huru watumwa lianze kufanya kazi asubuhi. Waliomba uhuru wa miili yao, na watoto wao wasiuzwe mnadani. Hawakuomba kitu cha mfano. Tangazo la Januari 1, 1863 liliyahusu majimbo yaliyoasi tu, na utumwa haukufutwa nchi nzima mpaka Desemba 1865, lakini mkesha ule haukusahaulika na bado hukumbukwa katika makanisa ya watu weusi kila mwaka unapokwisha. Omba ada. Omba mtoto. Mtaje binti aliye Muscat kwa jina. Kristo mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kuomba chakula cha siku. Swali ni nani anabaki na wewe siku ambayo ulichoomba hakikuja.

Hapa pwani yetu iko habari ambayo sichoki kuirudia. Januari 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mtumishi wa shirika la CMS la Waanglikana, alifika Zanzibar. Alikuwa ametoka kwenye kazi ya Ethiopia iliyofungwa mbele yake, akiwa na mkewe Rosina, na wawili hao walikuwa wameshamzika mtoto mmoja. Sultani Seyyid Said alimpokea vizuri, akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kwa macho ya mwanadamu huo ulikuwa mwaka wa milango kufunguka. Walihamia Mombasa, na Juni Krapf, kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai homa iliingia nyumbani. Rosina alijifungua mtoto wa kike, akafariki siku chache baadaye, na mtoto naye akamfuata mama yake. Wote wawili walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf mwenyewe alikuwa dhaifu kwa homa hiyohiyo, kiasi kwamba mazishi yalimwelemea hata mwili.

Aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wana kaburi katika ardhi ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara kuwa kazi imeanza, wasirudi nyuma. Hakurudi yeye. Aliendelea na tafsiri. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakaanzisha kituo cha Rabai. Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Ni rahisi kuifunga habari hiyo kwa kusema tazama, Mungu alikuwa na makusudi, Rosina alikufa ili tupate Biblia. Mimi siwezi kusema hivyo. Kaburi la mama na mtoto mchanga halilipwi na kamusi, na anayemwambia mfiwa maneno kama hayo anamwongezea jeraha. Ninachokiona kwa Krapf ni kingine: Julai hiyo hakuwa na tafsiri ya msiba wake, wala hakuwa na jina la mwaka la kushikilia. Alikuwa na Bwana aliyekufa na kufufuka, basi. Kwa kumtumaini huyo aliamka siku iliyofuata na kufanya kazi. Mama wa benchi la nyuma, kama unasoma haya, hukukosea mahali. Mume wako hakufa kwa sababu imani yako ilipungua. Uliyemtumaini usiku ule wa mkesha ni yuleyule leo, naye alilia kaburini kwa Lazaro kabla hajamwita atoke.

Ndiyo maana msingi wa tumaini la Kikristo hauko Januari. Januari 1 ilipata kuwa mwanzo wa mwaka kwa taratibu za Warumi na makonseli wao kabla ya Kristo kuzaliwa. Uingereza iliihesabu rasmi kuwa mwanzo wa mwaka kuanzia 1752 tu. Kabla ya hapo mwaka wa kisheria ulianza Machi 25, sikukuu ya malaika kumpasha habari Mariamu. Ndugu zetu wa Ethiopia wanauanza wao Septemba. Tarehe ni makubaliano ya watu, nayo inasaidia kupanga maisha. Nguvu za Mkristo zinatoka kwenye Jumapili ya kaburi tupu, na Paulo aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba kama hilo halikutokea, imani yetu ni bure na tunastahili kuhurumiwa kuliko watu wote. Hakuandika kwamba imani ni bure tukikosa kuinuliwa kufikia Desemba.

Mwisho wa mwaka uliozaa matunda makubwa kuliko yote katika historia ya makanisa ya Afrika Mashariki ulikuwa ule wa 1933, huko Gahini, Rwanda, juu ya Ziwa Muhazi. Palikuwa na hospitali ya misheni, na daktari wake, Joe Church, alikuwa amepitia njaa kubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1920 akiona watu wakifa barabarani. Mwaka 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala, akakutana na Simeon Nsibambi, Muganda mwenye heshima zake. Mzungu na Mwafrika wakati wa ukoloni, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, kila mmoja akikiri kwamba anapungukiwa na kitu. Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyekwenda kufundisha wainjilisti Gahini.

Desemba 1933 walimu na wainjilisti waliitwa Gahini kwa mkutano wa siku kadhaa. Mafundisho yalikwenda kama kawaida. Katika kikao cha mwisho, cha maombi, mtu mmoja alisimama na kuanza kuungama dhambi zake. Akafuata mwingine, kisha mwingine, mpaka wakawa wawili watatu wamesimama kwa pamoja wakitaka kusema, na hali hiyo ikaendelea zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyeinuka na unabii wa mwaka 1934. Walichofanya ni kuuleta mwaka waliokuwa wanaumaliza, na miaka ya nyuma yake, mbele ya msalaba: wizi, chuki, uzinzi, unafiki wa watu wenye vyeo vya kanisa.

Baada ya hapo mambo yalionekana kwa macho. Watu walirudisha vitu walivyoiba, vingine vya miaka mingi. Walilipa madeni ambayo mdai alishayasahau. Waume waliwaomba radhi wake zao, na wamisionari waliwaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao, jambo lisilokuwa la kawaida katika siku zile. Uamsho huo, kama ulivyokuja kuitwa, ulifika Kabale, Uganda, mwaka 1935 na Kabete, Kenya, mwaka 1937. Mwishoni mwa muongo huo ulikuwa umeingia Bukoba. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika ushirika wa ndugu wa uamsho. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, mpaka leo unaimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Kigozi hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki kwa homa Januari 1936, akiwa kijana, akijiandaa kuzungumza na viongozi wa kanisa huko Kampala. Mwaka mpya ulikuwa na wiki chache tu.

Na lipo la kusikitisha zaidi, lazima nilitaje. Katika nchi hiyohiyo ya Gahini, Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisani Ntarama na Nyamata wakidhani hapo watakuwa salama, wakauawa humo, na kati ya wauaji walikuwamo waliobatizwa. Uamsho wa 1933 haukuwa kinga kwa vizazi vilivyofuata. Toba ya baba haimtoshi mtoto, wala agano la mwaka jana halinibebi mimi mwaka huu bila kulirudia. Wamethodisti wana haki ya kulifanya upya kila Januari.

Miaka kumi na minne baada ya Gahini, Januari 6, 1948, mwalimu wa shule katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, alimpokea Kristo kupitia ndugu wa uamsho. Jina lake Janani Luwum. Mwaka ulikuwa na siku sita, naye hakuonyeshwa ungempeleka wapi. Alikuwa mchungaji, kisha askofu, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Februari 1977, mwaka ambao kanisa lake lilikuwa linatimiza miaka mia moja, maaskofu walimwandikia Idi Amin wakilalamikia mauaji ya raia. Luwum aliuawa Februari 16 pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Ukipima maisha yake kwa majina yetu ya mwaka, hujui uyaweke wapi. Aliinuliwa hadi cheo cha juu, na cheo hicho kikampeleka kwenye risasi. Ila hakuna Mkristo wa Uganda anayesema Kristo alimwangusha. Waliobaki hawakulitupa jina la Kristo. Miezi michache baadaye maelfu walijaa kwenye kanisa kuu la Namirembe, Kampala, na kanisa likaendelea kusema kweli chini ya utawala uleule.

Tumaini likiondolewa kwa Kristo likawekwa kwenye kitu kinachotoka mkononi mwa mtu, gharama yake hailipwi na viongozi. Inalipwa na watu wa kawaida. Februari 1, 2020, mwezi mmoja tu tangu watu wavuke mwaka, watu 20 walifariki kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, katika msongamano wa waumini waliokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa na haja za kweli: magonjwa, madeni, ndoa. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi wa Kenya walianza kufukua miili ya watu ambao, kwa mujibu wa waendesha mashtaka, walihimizwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miili ilizidi 400, na mingi ni ya watoto. Matukio haya mawili hayafanani kwa uzito wala kwa nia, wala siyaweki kwenye mizani moja. Yote mawili lakini yananifundisha kuuliza, kila ninapoalikwa kuamini: je, ninaelekezwa kwa Kristo aliye wa wote na bure, au kwa kitu ambacho bila mtu huyu mmoja siwezi kukipata? Kristo wa Injili alimponya mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili kwa kuguswa pindo la vazi tu. Hakumwambia apange foleni ya pili, wala hakumwambia aache kula.

Najua litakaloulizwa. Kama kumtumaini Kristo hakuniahidi mwaka mzuri, faida yake nini? Faida ya kwanza ni kwamba naacha kuogopa. Anayedhani mwaka unategemea usahihi wa sala zake ataishi kwa wasiwasi, na usiku mmoja atakuwa kanisani, usiku wa pili kwa mganga, akihakikisha pande zote. Aliyejikabidhi kwa Kristo analala. Faida nyingine ni kwamba naweza kusema kweli. Naweza kusimama kwenye ushuhuda na kusema mwaka huu ulikuwa mbaya, nimefiwa, biashara imekufa, na bado namsifu. Wale vijana watatu wa Kiebrania mbele ya tanuru la Babeli walimjibu mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu. Neno hilo la pili ndilo lililowafanya wasiogope moto.

Imani hiyo haimkatazi mtu kupanga. Januari ina ada na sare za shule, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mchango wa kikoba haungoji. Yakobo aliwaandikia wafanyabiashara waliokuwa wanatangaza mji watakaokwenda na faida watakayopata, akawakumbusha kwamba hawajui hata kesho. Hakuwaambia wafunge maduka. Aliwaambia wapange kama watu ambao kesho si mali yao. Kwa hiyo kaa na mwenzako, mwandike matumizi ya Januari kwenye daftari, mkubaliane lipi litasubiri. Kufanya hesabu hizo kwa uaminifu ni ibada pia.

Mfano wa Bwana ninaopenda usomwe kwenye mkesha umo katika Luka 13. Mtu ana mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka mitatu anautafutia matunda na haoni. Anaagiza ukatwe. Mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia samadi, kisha waone. Yesu haendelei kusema kama ulizaa. Nikiusoma Desemba, naona mwaka mpya ulivyo: muda ambao mwingine ameniombea, naye yuko tayari kuinama na kuchimba kwenye mizizi yangu. Mtini haukupewa mwaka ule ili ustarehe. Ulipewa ili uzae.

Basi, wachungaji wetu, mapadre na maaskofu: mwaka huu kabla ya kutangaza jina lolote, someni kwa sauti majina ya waumini mliowazika. Mpeni nafasi ya ushuhuda hata mtu ambaye habari yake haijaisha vizuri, msimkatize. Na mkitoa neno la mwaka, lisikike pia kwa aliyefukuzwa kazi na kwa aliye wodini.

Nawe ndugu msomaji, nakuomba mambo machache. Kama una fedha ya mtu, mrudishie, au mpigie umwambie utaanza kulipa lini. Kama hamsemezani na ndugu yako wa tumbo moja, usivuke na hilo. Omba unachohitaji bila aibu, kisha uiombe na ile nusu ya pili ya agano la Wesley, hata kama sauti itakwama. Na asubuhi ya Januari 1, siku ambayo Wakatoliki tangu 1968 wanaombea amani duniani na makanisa mengine yanakumbuka mtoto wa Bethlehemu alivyopewa jina siku ya nane, kuna ibada. Waliojaa usiku wengi wao huwa wamelala. Nenda.